Adabu ya Baiskeli

Mwalimu Hezekiah alikuwa na baiskeli, na kila mtu wa Rongai, kuanzia stesheni mpaka kwenye mashamba ya ngano ya wazungu, aliijua. Ilikuwa nyeusi, spoku zake zimesuguliwa zikang'aa, na kengele yake ilisikika kabla mwenyewe hajaonekana. Jambo ambalo hakuna aliyelijua, isipokuwa mke wake na Mungu, ni kwamba mwalimu hakujua kuipanda.

Usicheke mapema. Kuna watu wana Biblia ambazo hawajazifungua tangu wabatizwe, na hakuna anayewacheka.

Aliinunua Nakuru, kwenye duka la Mohinder Singh, akaisukuma kwa miguu njia yote mpaka nyumbani, akijiambia kwamba atajifunza polepole mahali pasipo na macho ya watu. Alipofika penye njia ya reli alikutana na Mzee Micah, mzee wa kanisa, akitoka kwenye shamba la mzungu ambako alikuwa amechunga ng'ombe tangu ujana wake. Mzee alisimama. Alimtazama kijana, akaitazama baiskeli, akavua kofia taratibu.

"Mwalimu," alisema, "umeshuka sababu yangu?"

Hezekiah angeweza kusema hapana. Lakini jua lilikuwa kali, nyayo zilikuwa zinawaka moto, na uso wa mzee yule ulikuwa umekunjuka kwa furaha ambayo hakuwahi kuiona kwake hata Krismasi.

"Ndiyo, mzee," akasema.

Neno moja tu. Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini ya Hezekiah ilikuwa na urefu wa miaka.

Siku zile ilikuwa desturi: mtu aliye juu ya baiskeli akikutana na mkubwa wake, anashuka. Anashuka, anasimama kando, anasalimu, anangoja mkubwa apite, ndipo anapanda tena. Kwa mzungu watu walishuka kwa kuogopa kiboko. Kwa wazee wao walipaswa kushuka kwa heshima, lakini vijana walikuwa wameanza kusahau. Walipiga kengele, wakapita, wakawaachia wazee vumbi. Mzee Micah alikuwa ameruka mtaroni maisha yake yote, kwanza kwa ajili ya farasi wa bwana shamba, kisha kwa ajili ya gari lake, na sasa uzeeni kwa ajili ya baiskeli za watoto aliowaona wakizaliwa. Jumapili iliyofuata akasimama kanisani bila kuitwa.

"Watu wangu," alisema, "mimi nimetoa kofia kwa kila mtu kwa hii dunia. Hakuna mtu amewahi kushuka chini sababu yangu. Juzi huyu kijana wetu, na elimu yake yote, alishuka kwa baiskeli. Sababu ya mimi, mchunga ng'ombe. Siku hiyo nililala kama mtu mkubwa."

Kanisa zima likapiga makofi. Hezekiah aliinamisha kichwa kwa aibu, na hata kule kuinamisha kichwa kukahesabiwa kuwa ni unyenyekevu.

Baada ya hapo atajifunza wapi, na lini? Kila alipoonekana akiisukuma baiskeli, watu walitazama huku na huku kumtafuta mzee aliyeshukiwa, na kwa kuwa Rongai haikosi wazee, walimpata. Akaisukuma kwenda shuleni, akaisukuma kwenda kanisani na sokoni. Akina mama waliwaambia watoto wao, "Mwangalieni mwalimu, hata kwa mama amebeba kuni anashuka." Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, huyu wetu alisifiwa kwa tembo ambalo hakuwahi kuligema.

Mkewe Chepkurui ndiye peke yake aliyemwambia ukweli, na ulimi wake haukuwa na mto wa kulalia.

"Hii baiskeli yako ni ng'ombe wa namna gani?" alimwuliza. "Kila siku unaipeleka malisho, na hatujawahi kunywa maziwa yake."

"Nitajifunza," Hezekiah akasema.

"Utajifunza. Na mficha uchi hazai, baba."

Sasa, mwaka ule wa hamsini na tano, mchungaji alitangaza habari kutoka kwenye meza ya mbele. Makanisa yalikuwa yanapeleka vijana Uganda kwa likizo ya baiskeli. Wangepanda gari la moshi mpaka Jinja, wapokelewe na kiongozi mmoja Mganda aitwaye Bwana Erisa, na huyo angewaongoza kwa baiskeli wiki mbili nzima: Jinja, Kampala, Masaka, wakilala kwenye shule za misheni na kuona mambo ya wenzao. Rongai ilitakiwa kutoa mtu mmoja, pamoja na jina moja la akiba, maana zilikuwa siku za Hali ya Hatari na kila jina lilipaswa kupelekwa mapema kwa D.C. ili lipate kibali.

Kila mtu alijua nani ni mpanda baiskeli wa Rongai. Ni Jonah, kijana aliyebeba maziwa kila alfajiri kutoka mashambani mpaka stesheni, makopo mawili makubwa nyuma na moja mbele, akipanda kilima bila kushuka na akiteremka huku anaimba. Jonah alikuwa hajawahi kufika hata Eldoret. Jina lake lilipotajwa akasimama nusu, kama mtu aliyeitwa chakula.

Mzee mmoja akakohoa. "Huyu Jonah alinipita mimi na kengele. Kengeleng kengeleng, kama mimi ni mbuzi."

"Maziwa haingoji, mzee," Jonah akasema. "Inaharibika."

"Na heshima je? Hiyo haiharibiki?"

Basi hapo ikawa imekwisha. Wazee walisema kijana anayekwenda ugenini hubeba jina la kwao, na huko Uganda kwenye wafalme watu wanapiga magoti barabarani, sasa tuwapelekee kengele? Mzee Micah akalitaja jina la Hezekiah, na hakuna aliyepinga. Jonah akaandikwa kuwa akiba. Aliketi chini, akaitazama mikono yake.

Hezekiah alikuwa na nafasi ya kusema. Mchungaji alimwuliza mbele ya wote kama yu tayari. Lakini alikuwa mwalimu wa jiografia. Mwaka hata mwaka alikuwa ameuchora mto Naili ubaoni kwa chaki ya samawati, kutoka kwenye ziwa mpaka Misri kwa Farao, na hajauona. Pale Jinja, walisema, unasimama ukingoni na kuutazama ukizaliwa. Aliutaka mto ule kwa njaa ya kweli. Na alitaka pia, tusimfiche, kuendelea kuwa yule ambaye Mzee Micah alimsifu.

"Niko tayari," akasema.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo Hezekiah akaaga kwamba anakwenda Nakuru kununua vitu vya safari, atalala kwa dada yake Chelangat, ambaye mume wake alifanya kazi ya reli. Baiskeli aliipakia kwenye gari la moshi. Watu waliomwona akiipakia walisema anaitunza isichakae kabla ya Uganda.

Duka la Mohinder Singh lilikuwa lilelile, na harufu ileile ya mpira na mafuta. Mwenyewe alikuwa amezeeka, ndevu zimekuwa nyeupe, lakini aliijua baiskeli yake mara moja akaizunguka kwa furaha. Alimfungia taa ya dainamo, akamchagulia gundi ya solesheni na viraka, akakaza breki. Kisha akaisimamisha barabarani mbele ya duka.

"Haya, mwalimu. Panda kidogo, zunguka hapa, mimi taona kama breki iko mzuri."

Barabara ilikuwa imejaa watu. Hezekiah alihisi jasho likimtoka kwapani.

"Mbele yako mzee siwezi kupanda," akasema.

Mohinder Singh alimtazama sana, kisha akaweka mkono kifuani. Aliingia dukani akatoka na pampu mpya, akaifunga mwenyewe kwenye fremu, na alipoulizwa bei alitikisa kichwa. "Mimi na watoto yangu hapa Nakuru," alisema, "hata hawa hapana sema maneno kama haya."

Hezekiah aliisukuma baiskeli mpaka akapinda kona, akasimama nyuma ya ghala la nafaka, na akatamani ardhi imle pamoja na ile pampu. Uongo wake ulikuwa sasa unapokea zawadi. Alifikiria kurudi akaiache dukani. Hakurudi.

Mvua zilikuwa zimekosa, na ziwa la Nakuru lilikuwa limekauka. Ndege heroe walikuwa wamehama, na palipokuwa na maji pakawa na uwanja mweupe wa magadi, tambarare, hauna mti wala jiwe, wala mtu wa kucheka. Upepo ukivuma ulipeperusha magadi mpaka mjini, na akina mama walianua nguo kwa kelele. Hapo ndipo Hezekiah alipokwenda kujifunza.

Kwenye ukingo wa zamani kulikuwa na gogo. Aliweka mguu mmoja juu ya gogo, akakalia kiti, akasukuma, akaanguka. Akarudi kwenye gogo. Magadi yalimwingia machoni na puani, yakamchoma midomo. Jioni Chelangat alimwuliza kama ameajiriwa kwenye kinu cha unga. Lakini chini palikuwa laini, na anguko halikuumiza, kwa hiyo alianguka mpaka akachoka kuanguka, na asubuhi moja, bila kuelewa kilichobadilika, gurudumu lilikwenda na yeye yuko juu yake. Alikwenda moja kwa moja katikati ya ziwa, akipiga kelele peke yake kama mtoto. Alipotaka kusimama alijiachia tu ubavuni, puu, kwenye magadi.

Hivyo ndivyo alivyojifunza, na hivyo ndivyo alivyofanya mpaka siku ya kurudi. Pale ziwani hapakuwa na haja ya kona, wala ya breki, kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kugonga. Na hapakuwa na haja ya kushuka, kwa kuwa kuanguka kulitosha. Mtu aliyesifiwa Rongai nzima kwa kushuka baiskeli alirudi nyumbani anajua kila kitu isipokuwa kushuka.

Chepkurui alikuwa amemshonea mfuko wa turubai wa kuweka nguo, na ndani yake alikuwa amepanga blanketi, koti la mvua na chupa ya siagi. Alimsikiliza akieleza habari ya ziwa.

"Kwa hivyo unaweza kuenda na huwezi kusimama," akasema.

"Bwana Erisa atanifundisha yaliyobaki. Ndiyo kazi yake, ni kiongozi."

"Baba, enda kwa mchungaji leo. Sema una homa. Hata hiyo homa utakuwa umesema uongo, lakini ni uongo kidogo."

"Na Mzee Micah nimwambie nini?"

Chepkurui aliufunga mfuko, akaivuta kamba yake kwa nguvu.

Siku ya kuondoka kanisa lilijaa. Mpango wa Hezekiah ulikuwa rahisi: ataisukuma baiskeli mpaka stesheni, akitembea na watu wanaoimba, kama kawaida yake, na hakuna atakayeshangaa. Lakini mchungaji, baada ya maombi, aliinua mkono.

"Leo mwalimu apande! Tunataka kumwona. Sisi tutakuja nyuma tukiimba, na wazee wote watakaa nyuma, ili asipate mtu wa kumshusha."

Watu walicheka kwa upendo. Hezekiah alitafuta mzee mbele yake, hata mmoja, hata mama mwenye kuni. Wote walikuwa nyuma, wanatabasamu. Akaisogeza baiskeli mpaka kwenye ngazi ya kanisa, akaweka mguu juu ya jiwe kama alivyouweka kwenye gogo, akapanda.

Ikayumba kidogo, kisha ikaenda. Nyuma yake wimbo ulipaa, upepo wa mteremko ukamgonga kifuani, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya reli Hezekiah hakuwa mwongo: alikuwa mwalimu mwenye baiskeli, anaipanda, anakwenda Uganda. Alicheka kwa sauti. Furaha ile ilidumu mpaka kwenye kona ya mikalitusi.

Mzee Micah hakuwa nyuma. Alikuwa ametangulia tangu asubuhi, akasimama barabarani baada ya kona, amevaa koti lake la ibada, na pembeni yake wako shemeji zake wazee watatu waliotoka Kericho kumtembelea. Alikuwa amewaleta waone. Alimwona mwalimu akija, akavua kofia, akaishika mbele yake kwa mikono miwili, akangoja ashukiwe.

Hezekiah alijua breki ziko wapi. Mikono haikumtii. Lakini kujiangusha aliweza. Alikuwa amejiangusha mara nyingi kuliko mtu yeyote wa bonde lile, na hilo ndilo lililomtafuna baadaye usiku na mchana. Aliona mawe ya barabara, akaona nyuso za wale wageni, akafikiria jinsi atakavyoonekana akigaagaa mbele yao na mfuko wa turubai. Katika kufumba na kufumbua alichagua. Akapiga kengele.

Mzee Micah aliruka mtaroni. Aliruka haraka, kwa miguu iliyozoea, na kofia ikamponyoka, na gurudumu la mwalimu likapita juu yake. Wazee wa Kericho nao wakaruka. Vumbi likawafunika wote wanne.

Baiskeli ilimfikisha Hezekiah kwenye ua wa mkonge wa stesheni, ukampokea kwa miiba. Alipojinasua, damu ikimtoka mikononi, wimbo ulikuwa umekatika na watu walikuwa wanakuja mbio. Alisikia sauti za wazee kabla hajaziona nyuso zao.

"Hata Uganda hajafika, na kiburi kimeshafika!"

"Afadhali Jonah! Jonah angalau alikuwa na maziwa!"

Mchungaji alimfikia kwanza. Alimshika bega, akamsogezea mdomo sikioni, maana alikuwa mtu mwema na alitaka mambo yaishe. "Sema ulijisahau kwa furaha. Mwombe mzee msamaha upige goti, basi. Gari la moshi liko karibu. Watakusamehe, ni wewe."

Na ni kweli wangemsamehe. Neno moja lingine tu, dogo kama lile la kwanza, na angeuona mto Naili. Hezekiah aliinua macho akamwona Mzee Micah akija taratibu nyuma ya watu, goti la suruali limechafuka, ameishika kofia. Alama ya tairi ilikuwa imepita katikati ya kofia ile kutoka upande mpaka upande.

"Sikujisahau," Hezekiah akasema. Sauti haikutoka vizuri, ikambidi aseme tena. "Sikujisahau, na sina kiburi. Sijui kushuka."

"Hujui kushuka namna gani?" mchungaji akauliza. "Wewe, kila siku unashuka?"

"Sijawahi kushuka. Sikuwa nimepanda. Nilikuwa naisukuma tu, kwa kuwa sijui. Nimejifunza juzi ziwani, na kushuka sikujifunza."

Mtu mmoja alianza kucheka, akafuatwa na wa pili, kisha stesheni nzima ikacheka, wanawake wakishikana mabega, karani wa stesheni akitoa kichwa dirishani kuuliza kuna nini. Hezekiah alisimama katikati ya kicheko kile akiungua masikio. Kama ingekuwa ni kicheko tu, angekivumilia. Jonah hakucheka. Mzee Micah naye hakucheka. Alingoja mpaka watu wakachoka.

"Na ile siku ya kwanza," akasema mzee, "pale kwa reli?"

Hezekiah alitamani sana kumwachia siku ile. Lakini mzee alikuwa anamtazama, na macho yake yalikuwa yameshajua.

"Nilikuwa nimeisukuma kutoka Nakuru, mzee."

Mzee Micah alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyeambiwa bei. Akaikung'uta kofia gotini, akaivaa na alama yake, akawageukia shemeji zake.

"Twendeni," akawaambia. "Chai itapoa."

Akaondoka nao, wakipita kandokando ya barabara, karibu na mtaro. Hezekiah aliona aibu ya kweli ilivyo: ile ya kuchekwa ni maji ya moto tu, yanapoa. Alikuwa amempa mtu kitu pekee cha heshima maishani mwake, na amekichukua tena mbele ya wageni wake.

Gari la moshi lilikuja. Jina la akiba lilikuwa limepewa kibali pamoja na la kwanza, na mchungaji alimtazama Jonah, na Jonah akalitazama shati lake linalonuka maziwa.

"Na maziwa?" Jonah akauliza. "Kesho nani atabeba?"

"Mimi," Hezekiah akasema.

Jonah alimtazama kama anayepima mzigo. Kisha akakubali, maana gari lilikuwa linapiga honi. Chepkurui alitokea katikati ya watu, akauchukua mfuko wa turubai kutoka mgongoni kwa mumewe, akautundika mabegani mwa Jonah bila kusema neno. Ndivyo siagi yake na koti la mvua vilivyokwenda Uganda. Alipomgeukia mumewe alianza kumchomoa miiba ya mkonge mikononi, mmoja mmoja, na hakuwa na haraka wala huruma.

Siku ya kwanza Hezekiah aliisukuma baiskeli na makopo, na maziwa yakafika yamechachuka. Karani wa stesheni alimtukana vizuri. Siku ya pili akapanda. Na maziwa, tofauti na magadi, hayamsamehe anayeanguka. Kabla wiki haijaisha alijua breki, kona, na kushuka: mguu wa kulia unapita nyuma ya kiti, wa kushoto unabaki kwenye pedali, na unagusa chini kama umetoka kitandani. Watu walimwita Mwalimu Sukuma njia nzima. Aliitika.

Hezekiah hakumwona Mzee Micah mpaka Jonah alipokuwa anakaribia kurudi. Asubuhi moja ya baridi, akiwa amepanda kutoka mashambani na makopo yamejaa, alimwona kwa mbali akija kwenye barabara iliyonyooka, kofia kichwani. Akashuka pale pale, vizuri, kama alivyojifundisha, akaisukuma baiskeli kumwendea, maana hakutaka hata kidogo mzee adhani kwamba atampita. Barabara ilikuwa ndefu. Walipokutana alisimama kando, akavua kofia yake mwenyewe.

"Nimeshuka, mzee," akasema. "Leo nimeshuka kweli."

Mzee Micah aliitazama baiskeli na makopo yake. Alinyoosha mkono akaweka kiganja juu ya kiti, akakiacha hapo kidogo, kama anayepima homa ya mtoto. Kwa ile njia yote ya kusukuma, upepo wa asubuhi ulikuwa umekipoza kiti, kama hakijakaliwa na mtu.

"Ni baridi," akasema mzee, akaenda zake.

Jonah alirudi na habari za Naili, akazisimulia darasani kwa Hezekiah, na watoto wakasikiliza kuliko walivyowahi kumsikiliza mwalimu wao. Hezekiah aliendelea kupanda. Na tangu asubuhi ile hashuki mapema. Akimwona Mzee Micah, anakwenda mpaka wabakize hatua chache, mpaka aone alama ya tairi kwenye kofia, ndipo anashuka, anasimama, na anamgeuzia mzee kiti cha baiskeli, kiko karibu na mkono wake, kikiwa bado kina joto. Mzee husimama, humsalimu, humwuliza habari za mama na za watoto. Kiti hajakigusa tena.